Nyekundu Isiyo na Namba

Jumatatu, 10 Machi

Baba Wanja amenirudishia kazi mara ya tatu leo. Ni kadi za mwaliko tu, za harusi ya watu wa Mwiki, na rangi ya maua imeandikwa wazi kwenye maagizo: nyekundu. Akaiweka mezani kwangu na kusema, "Usiniambie nyekundu, Kavata. Kila mtu ana nyekundu yake. Niambie namba."

Jina lake ni Gerishon, lakini hapa kiwandani sote tunamwita kwa jina la kifungua mimba wake. Ndiye anayeendesha mashine kubwa ya kuchapa. Kazi yangu ni kupokea faili za wateja, kuzisafisha na kuzitayarisha kabla hazijafika kwake. Miaka minne tumefanya kazi chini ya paa moja la mabati hapa Thika na sijawahi kumwona akitazama rangi kama watu wengine wanavyotazama. Anachukua kifaa chake cha kupimia wino, anasoma namba, anarekebisha, anapima tena. Ukimuuliza kama imetoka vizuri anajibu, "Namba ni sawa."

Ni mzee mwenye kiburi. Leo nimemwambia hivyo usoni, kisha nikamwandikia namba zake. Hakusema asante.

Jumatano, 12 Machi

Kazi mpya, na hii si ya harusi. Imeletwa na Waceke, afisa wa chama cha wakulima wa mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuza ng'ambo, mwenye ofisi Ruiru. Anataka chati za ukutani mia sita za kutundikwa kwenye mashamba ya Kalimoni na kandokando yake kabla mvua haijaleta wadudu.

Chati ameitengeneza kwa spredishiti. Mistari thelathini na nane, kila mstari dawa moja ya kunyunyiza. Safu kumi na nne, kila safu siku moja baada ya kunyunyiza. Kila kisanduku kimepakwa rangi. Nyekundu, usikanyage shamba. Rangi ya machungwa, ingia na glavu na gambuti. Kijani, chuma mikono mitupu. Hakuna neno hata moja ndani ya visanduku, kwa sababu wachumaji wengi hawakusoma.

"Wanasoma rangi," Waceke aliniambia polepole, kama mtu anayemwelekeza mtoto dukani. "Kwa hivyo rangi zisikosee."

"Hazitakosea, madam."

Alikuwa ameshamgeukia Githae, mwenye kiwanda, ambaye kwake kila mteja ni mtu wa nyumbani.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua ya kwanza. Stima imepotea mara mbili.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeifungua faili ya Waceke na nimeona tatizo. Rangi zake amezichagua kwenye mpangilio wa rangi unaokuja na faili. Rangi za namna hiyo ni kama wapangaji: ukihamisha jedwali hadi faili nyingine, zinavaa rangi za mwenye nyumba mpya. Hazikuonyi. Rangi iliyoandikwa kwa namba zake yenyewe haibadiliki, hata uipeleke wapi.

Halafu kuna jambo la pili. Kompyuta hutengeneza rangi kwa mwanga, mashine ya Baba Wanja hutengeneza kwa wino: sayani, majenta, yelo na blaki. Ile nyekundu kali inayowaka kwenye skrini, wino hauna nguvu ya kuifikia. Lazima mtu achague iliyo karibu nayo, aijaribu kwenye karatasi ile ile, kisha aandike.

Basi nimeandika. Nimeongeza ukurasa mmoja katika spredishiti na kuuita Rangi. Kila rangi ina namba tatu za skrini na namba nne za wino. Nyekundu: sayani sifuri, majenta mia, yelo tisini, blaki tano. Nimepaka visanduku vyote mia tano na thelathini na viwili upya kwa namba hizo.

Baba Wanja alisoma ule ukurasa akiwa amesimama, kidole kikishuka mstari kwa mstari. "Hii ni kazi," akasema. Ni mara ya kwanza kunisifu. Nilijifanya sikusikia.

Ijumaa, 21 Machi

Karatasi ya majaribio imetoka. Nimeitundika ukutani na kurudi nyuma hadi mlangoni, na bado nyekundu ni nyekundu na machungwa ni machungwa. Jumatatu tutachapa.

Jumapili, 23 Machi

Mama ameteleza kwenye matope kule Matuu na kuvunjika mkono. Naenda asubuhi. Nimemtumia Githae ujumbe: faili ya chati ni ile iliyoandikwa "ya kuchapa", usiguse nyingine. Amejibu kwa kidole gumba.

Jumatano, 2 Aprili

Nimerudi. Mama anaendelea vizuri na anaamrisha watu kwa mkono mmoja.

Chati zimeshachapwa na kuchukuliwa zote. Nilipata moja iliyobaki stoo, nikaitundika pale pale nilipotundika ya majaribio. Nyekundu imekuwa rangi ya matofali. Machungwa imekuwa rangi ya kutu. Nikirudi hatua tatu siwezi kuzitofautisha.

Nikamwendea Githae. "Ulitumia faili gani?"

"Ya Waceke. Nikaipeleka kwa ile yetu iko na logo na jina ya kiwanda, ndio ikae smart."

"Rangi zimebadilika."

"Kidogo."

"Hata si kidogo. Kuja uone."

Alikuja, akaona, akakuna shingo. "Kijani iko sawa. Hiyo ndiyo ya maana." Nilimwomba ampigie Waceke leo leo. Akasema atapiga.

Nilimfuata Baba Wanja kwenye mashine. "Wewe ulichapaje kitu kama hiki?"

"Niliuliza namba. Nikaambiwa ni nyekundu, nichape tu." Hakuinua macho. Nimekasirika. Mtu anayerudisha kadi ya harusi mara tatu anaachaje hii ipite?

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemuuliza Githae kama amepiga. Atapiga.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Barabara ya Kiganjo imekuwa uji mpaka mlango wa ploti yetu. Namba ya Waceke ninayo kwenye simu yangu. Nimeitazama, kisha nikakumbuka kwamba kuongea na wateja si kazi yangu.

Jumanne, 15 Aprili

Naandika haya ili nisije nikajidanganya baadaye.

Jana asubuhi huko Kalimoni mwanamke mmoja anayeitwa Mwelu aliingia shambani kuchuma mishiri. Shamba lilikuwa limenyunyizwa Jumamosi. Kabla ya kuingia aliitazama chati, kama walivyofundishwa. Akaona rangi kama ya kutu, akadhani ni machungwa, akavaa glavu na gambuti, akaingia. Kisanduku kile kilipaswa kuwa chekundu. Kufika saa nne alikuwa anatapika kati ya mistari, jasho linamtiririka, haoni vizuri. Walimbeba kwa toroli hadi barabarani. Amelazwa. Yuko hai.

Waceke alipiga simu leo saa tatu asubuhi. Nilimsikia Githae akisema "Pole sana" na "Tutaangalia" na "Pole sana" tena. Kisha akaniita ofisini na kufunga mlango.

"Faili ya Waceke ilikuwa na makosa, ama haikuwa?"

"Ilikuwa na udhaifu. Niliutengeneza."

"Sawa. Niandikie email useme faili ya mteja ilikuja na rangi ambazo si stable. Hiyo ni ukweli."

"Ni nusu."

"Kavata." Githae hapandishi sauti kamwe. Alinipa kazi hii wakati hakuna mwingine aliyetaka mtu asiye na diploma, na kwa miaka minne nimemheshimu kwa upole huo huo. "Hii kiwanda ikifungwa, watu kumi na mmoja wanaenda nyumbani. Andika hiyo nusu."

"Sitaandika."

"Fikiria basi."

"Nilifikiria siku kumi na tatu, nikingoja upige simu. Sitaandika."

Nilitoka na kukaa mezani. Sikuweza kufanya kazi yoyote. Ningepiga ile simu Alhamisi, Mwelu angekuwa kwake leo. Hilo halina nusu.

Jumatano, 16 Aprili

Githae amebadilisha njia. Sasa anasema kosa ni la mwendesha mashine, kwa kuwa ndiye wa mwisho kuona kazi, na mimi niandike hivyo. Anajua sipatani na Baba Wanja.

Nakiri kwamba kwa muda wa chai moja nilitamani kuandika.

Alhamisi, 17 Aprili

Wakati wa chakula cha mchana nilimkuta Baba Wanja peke yake nyuma ya stoo, mvua ikipiga mabati. Nikamwambia Githae ananitaka niandike nini.

Akaokota majani mawili ya mti uliokuwa pale, moja bichi na jingine lililokauka likawa jekundu, akayashika mbele yangu. "Hizi ni rangi gani?"

"Kijani na nyekundu."

"Mimi naona moja." Akayaangusha. "Tangu nizaliwe. Mama Wanja ndiye huchagua nyanya, mimi naweza kuleta mbichi. Nilipoingia kwa hii kazi niliogopa kusema. Nikajua wino iko na namba, na namba haiwezi kunidanganya. Miaka ishirini na sita, Kavata. Ukiniandikia namba hakuna mtu ananishinda. Usiponiandikia, mimi ni kipofu anaendesha mashine."

"Kwa nini hukukataa kuchapa?"

"Angeuliza kwa nini. Ningejibu nini?"

Nilimwita mwenye kiburi. Nilimwambia usoni. Sasa nakaa hapa nikikumbuka kila kadi aliyonirudishia, na sioni hata moja ambayo hakuwa na haki.

"Sitaandika jina lako," nikamwambia.

"Ukitaka kuandika, andika. Mimi nimezeeka."

"Nimesema sitaandika, Baba Wanja."

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nilienda kanisani. Sikusikia mahubiri.

Jumanne, 22 Aprili

Sikuomba ruhusa. Nimeenda Kalimoni.

Mwelu ametoka hospitali juzi. Ni mama wa miaka hamsini hivi, Mkamba kama mimi, aliyehamia huku na mumewe kutoka upande wa Yatta. Alikuwa ameketi mlangoni na blanketi mabegani ingawa jua lilikuwa limetoka. Nilimwita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, nikajitambulisha: ni mimi niliyepaswa kulinda zile rangi.

"Ni wewe ulizichora?"

"Nilizitayarisha vizuri, mwaitu, kisha zikabadilishwa nikiwa sipo. Niliporudi niliona, na sikuwaambia."

Alilikaza blanketi mabegani. Sikuwa nimejitayarisha kwa ule utulivu wake.

"Wanasema sikuangalia," akasema. "Ngigi, nyapara, amewaambia wote kwamba Mwelu haangalii chati. Mimi niliangalia. Nilihesabu siku kwa kidole, nikafika kwa rangi, nikavaa glavu. Kama unataka kunifanyia kitu, usiniletee pole. Waambie niliangalia."

Nilitoka kwake nikaenda banda la kupimia mazao. Chati ilikuwa hapo ukutani, na jina la kiwanda chetu limekaa vizuri juu. Wachumaji kama ishirini walikuwa wamejikinga na manyunyu. Nikawaambia mimi ni nani na nikasema, "Huyu mama aliangalia. Chati ndiyo ilidanganya." Kisha nikaibandua na kuikunja.

Ngigi akaja mbio. "Wewe, nani amekuruhusu kutoa?"

"Mimi mwenyewe."

"Hiyo ni mali ya chama."

"Basi chama kije kunidai. Hadi ije nyingine, mwulizeni afisa wenu ni siku ngapi za kungoja kabla mtu hajaingia."

Nimebandua nne zaidi kabla mvua haijanirudisha. Nikiwa stendi nilimpigia Waceke nikamweleza yote, pamoja na zile siku kumi na tatu. Nilidhani atanitukana. Akauliza tu, "Hiyo faili yako nzuri bado iko?" Nikasema iko. Akasema, "Leo nawapigia mashamba yote watoe hizo. Alhamisi nitakuja."

Alhamisi, 24 Aprili

Waceke alikuja na gambuti zenye matope, akakataa kiti. Githae alianza na ile hadithi yake ya faili ya mteja. Alipomaliza nilifungua kompyuta na kumwonyesha Waceke mambo matatu: faili aliyoleta, niliyoitayarisha, na iliyochapwa. Nilisogeza mshale kwenye kisanduku kile kile katika zote tatu ili namba zijisemee. Tarehe zilikuwa pembeni.

"Kwa hivyo iliyo sawa ilikuwa tayari," Waceke akasema.

"Tangu tarehe ishirini na moja Machi."

Akamgeukia Githae. "Na ulijua lini?"

Githae akatazama dirishani. "Makosa ya uchapaji hutokea. Hata mwendesha mashine alipaswa kuona."

Sikujua kwamba Baba Wanja alikuwa mlangoni. Aliingia akijipangusa mikono kwa kitambaa.

"Singeona," akasema. "Mimi sioni nyekundu. Githae, sikukuambia, na hiyo ni kosa yangu. Lakini niliuliza namba, na ukaninyima."

Githae alikaa chini kama mtu aliyevutwa suruali. Miaka yote hiyo amekuwa akiwaambia wateja kwamba hakuna jicho la rangi Thika hii kama la Gerishon.

Waceke ndiye aliyezungumza kwanza, na hakusema nililotarajia. "Baba, watu kama wewe ni wengi?"

"Wako. Sana sana wanaume. Wengi hawasemi."

"Wachumaji wangu karibu nusu ni wanaume." Akavuta kile kiti alichokuwa amekikataa, akaketi. Nilimdhania mwanamke wa majivuno. Kumbe ni mtu asiyependa kupoteza neno. "Basi hata faili yako nzuri haitoshi, Kavata. Mimi ndiye nilisema wanasoma rangi. Sikuuliza."

Hilo lilinichoma, kwa sababu ni kweli. Namba zangu zote zililinda rangi. Hazikumlinda asiyeiona.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimepewa barua ya kujieleza: kutoka kazini bila ruhusa, kuharibu mali ya mteja, kuongea na mteja bila idhini. Nimejibu kwa sentensi moja: yote nimeyafanya na nitayafanya tena. Nimeambatanisha chati mbili, iliyotayarishwa na iliyochapwa, ili faili yangu ya utumishi nayo iwe na rangi.

Ijumaa, 2 Mei

Hajanifukuza. Hajanisalimia pia. Waceke amemwambia kazi itarudi hapa ikiwa tu mimi na Baba Wanja ndio tutakaotia sahihi.

Jumanne, 6 Mei

Leo tulikuwa Kalimoni na Waceke. Nilichapa vikadi vya rangi tatu, nikavichanganya, tukamwomba kila mchumaji mwanamume avipange makundi matatu. Thelathini na mmoja walipanga. Wawili walichanganya nyekundu na kijani. Mmoja wao alicheka na kusema amechoka tu. Baba Wanja, aliyekuwa amekuja kwa hiari yake, alimvuta kando wakaongea kwa Kikuyu muda mrefu. Sikuwasikiliza.

Alasiri tulikubaliana. Kila kisanduku chekundu kitakuwa na msalaba mnene wa mshazari, kama alama ya kosa. Cha machungwa kitakuwa na picha ya glavu. Cha kijani kitabaki wazi. Mwelu ndiye alisema msalaba uguse kona zote nne. "Ukiwa mdogo, mtu mwenye haraka atauita uchafu."

Jumatatu, 12 Mei

Tumechapa. Nilisimama kando ya mashine tangu karatasi ya kwanza. Yeye alipima na kusoma namba kwa sauti, mimi nilitazama kwa macho na kujibu. Majenta ilipungua kidogo kwenye karatasi ya themanini, akaikamata kabla yangu. Ukurasa wa Rangi umechapwa pembeni mwa kila chati, kwa herufi ndogo, ili yeyote atakayeichapa tena asiseme hakujua.

Githae alipita mara moja. Alisimama, akatazama msalaba, akaniuliza kama logo haingeweza kukaa juu kidogo.

"Haitakaa juu," nikasema. "Iko chini, pale."

Akaenda zake.

Jumanne, 20 Mei

Nimefika Kalimoni asubuhi kutundika chati za mwisho. Mvua imeanza kupungua na mishiri imejaa kiasi kwamba matawi yamelala. Lori la kusafirisha lilikuwa limeshafika, dereva anapiga honi, na Ngigi anazunguka na kalamu sikioni akiwaambia watu waingie shamba la chini.

Mwelu alikuwa mbele ya kundi na kikapu mgongoni. Ni wiki yake ya kwanza tangu arudi. Badala ya kwenda shambani alienda kwenye chati. Aliweka kidole kwenye mstari wa dawa iliyonyunyizwa Jumapili, akahesabu siku, moja, mbili, akasimamisha kidole kwenye msalaba.

"Leo hatuingii," akasema.

"Mama, lori inangoja," Ngigi akamwambia. "Hiyo dawa imekauka. Nimeingia mimi mwenyewe jana na niko sawa."

"Basi lori ingoje."

"Haiwezi kungoja hadi kesho kutwa."

"Basi iende."

Aliteremsha kikapu, akakigeuza na kukikalia. Ngigi akawatazama wengine. Yule kijana aliyesema amechoka tu siku ya vikadi alienda kwenye chati, akapitisha kiganja juu ya msalaba kutoka kona hadi kona, akarudi akageuza kikapu chake karibu na cha Mwelu. Kisha mwingine akageuza chake. Kisha wote.

Dereva alipiga honi hadi akachoka. Saa tatu lori liliondoka tupu, na hakuna aliyeinuka kuliangalia.